Pale Wimbo Unapokatika

Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaujua mchakamchaka. Asubuhi, kabla ya usafi na namba, wanafunzi wanapanga mistari, mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia, na miguu inafuata mdundo. Huku Nyamuswa, wilayani Bunda mkoani Mara, vizazi kwa vizazi vimeukimbia, kwenye barabara inayotoka Bunda kuingia Ikizu na kwenye njia za vumbi zinazochepuka kwenda mashambani. Lengo lilikuwa nidhamu na ukakamavu, na hakuna aliyeuhesabu kuwa kipimo cha sayansi. Lakini ndani yake mna kipimo cha ukali wa mazoezi ambacho maabara za Ulaya na Marekani zilikitafuta kwa sindano, damu na mitambo, na tunakitupa mara tu mtoto anapoonekana ana kipaji. Akishachaguliwa kwa ajili ya mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, au ya sekondari, UMISSETA, wimbo unakoma. Kuanzia siku hiyo kila zoezi ni shindano dogo: wa mbele anavuta, wa nyuma anajikaza asiachwe, na anayemaliza akiwa hoi ndiye anayesifiwa kuwa amefanya mazoezi. Hoja yangu ni moja. Mkimbiaji wa mbio ndefu hujengwa na mazoezi mepesi mengi na magumu machache, na kazi kubwa ya kupima laktati ya damu na mapigo ya moyo ni kuhakikisha kwamba mepesi yanabaki mepesi.

Tuanze na laktati yenyewe, kwa sababu inasingiziwa mengi. Msuli unapofanya kazi huvunja sukari ili upate nguvu, na katika uvunjaji huo hutoa laktati muda wote, hata mtu akiwa amekaa kitini. Damu ya aliyepumzika huwa nayo takribani milimoli 1 kwa lita. Archibald Hill wa Uingereza na Otto Meyerhof wa Ujerumani walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi zao juu ya joto la misuli na uhusiano wa oksijeni na asidi ya laktiki. Kutokana na sayansi ya zama zile ilienea imani kwamba asidi hiyo ni taka, sumu inayochosha msuli leo na kuuacha unauma kesho, na imani hiyo bado inatawala viwanja vyetu. Kumbe tangu miaka ya 1980 George Brooks wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley ameonyesha kwamba laktati ni mafuta ya mwili: nyuzi hizi za msuli zinaitoa, nyuzi zile, moyo na ini vinaipokea na kuitumia. Maumivu ya siku mbili baada ya zoezi hayatokani nayo, kwa kuwa ndani ya saa moja hivi damu huwa imesharudi hali ya kawaida. Namna inavyojaa inafanana na pamba yetu ya Bunda wakati wa msimu. Pamba inayoletwa ikiwa sawa na ile ambayo kinu kinaweza kuchambua, ghala halijai. Ikiletwa nyingi kuliko nguvu ya kinu, inarundikana hadi nje. Rundo lile ni mali, wala si uchafu, ila linatangaza kwamba kinachoingia kimekizidi kinachochambuliwa. Laktati inayopanda katika damu inatangaza jambo hilo hilo.

Kwa hiyo kinachotafutwa ni mwendo ambao mabadiliko hayo huanzia, na mabadiliko yenyewe ni mawili. Kwenye kizingiti cha kwanza laktati huanza kuinuka juu ya kiwango cha mapumziko, mara nyingi karibu na milimoli 2. Chini ya hapo mtu mwenye mazoezi anaweza kukimbia muda mrefu sana bila kujichosha. Kwenye kizingiti cha pili mwili hushindwa kabisa kuweka mizani, laktati hupanda bila kutulia, na mkimbiaji anabaki na muda wa kuhesabika. Alois Mader na wenzake kule Cologne, Ujerumani, walikiweka kizingiti hiki kwenye milimoli 4 mwaka 1976, na namba hiyo imekuwa maarufu duniani kote. Upimaji wenyewe ni kazi ya mikono. Mkimbiaji anakwenda dakika tano kwa mwendo usiobadilika, kisha anasimama. Mpimaji mwenye glavu anamfuta jasho kwenye ncha ya kidole au ndewe ya sikio, kwa sababu jasho nalo lina laktati na likichanganyika na damu jibu linaharibika. Anachoma kwa kisindano cha kutumia mara moja, anafuta tone la kwanza, tone la pili analigusisha kwenye kipande cha kupimia kilichochomekwa kwenye kifaa kidogo cha kiganjani, na kabla dakika haijaisha namba inatokea. Mapigo ya moyo ya dakika ya mwisho yanaandikwa pembeni. Mkimbiaji anaongezewa mwendo, anaondoka tena, na zoezi linarudiwa hatua tano au sita.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa kijana wa kidato cha tano mwenye uwezo mzuri wa mita 5,000. Akienda kilomita 12 kwa saa, yaani dakika 5 kwa kila kilomita, laktati inasoma 1.1 na moyo unapiga mara 140 kwa dakika. Kwenye kilomita 14 kwa saa inasoma 1.4 na moyo 158. Kwenye 15, ambayo ni dakika 4 kamili kwa kilomita, inasoma 2.1 na moyo 168. Kwenye 16 inafika 3.4, moyo 178. Na kwenye 17 inaruka hadi 6.0. Namba hizo zinamwambia mwalimu wake mambo mawili ya wazi. Siku nyepesi za kijana huyu ni za dakika 4 na sekunde 20 au zaidi kwa kilomita, moyo usizidi 160. Siku za kizingiti ni za dakika 3 na sekunde 45 hadi 50, moyo usipite 178. Sasa mwache kijana huyu barabarani na wenzake bila saa wala mwalimu. Atakimbia kila siku dakika 4 kasoro kidogo, katikati ya vizingiti viwili, mwendo unaotia jasho la kutosha kumridhisha yeye na wanaomtazama. Hapo ndipo vipaji vinapopotelea. Mwendo huo unamaliza akiba ya sukari ya misuli na kuuacha mwili na uchovu usiokwisha usiku mmoja, halafu siku ya mbio za kasi inapofika, kijana hana kasi ya kutoa. Mazoezi yake magumu si magumu vya kutosha, na mepesi yake si mepesi.

Ushahidi wa jambo hili haukutoka kwa wavivu. Mwaka 2006 Stephen Seiler na mwenzake walichapisha uchunguzi wa vijana wa Norway wanaoshindana kuteleza kwenye theluji masafa marefu, umri wao miaka 17 na 18, sawa kabisa na vijana wetu wa UMISSETA. Robo tatu hivi ya mazoezi yao ilikuwa chini ya kizingiti cha kwanza, asilimia 17 juu ya cha pili, na asilimia 8 tu katikati. Huo ulikuwa uchunguzi wa desturi, na mtu anaweza kusema kwamba desturi ya mabingwa si lazima iwe sababu ya ubingwa wao. Ndiyo maana jaribio la Hispania lililochapishwa mwaka 2007 na Jonathan Esteve-Lanao na wenzake lina uzito wake. Wakimbiaji 12 waligawanywa makundi mawili kwa miezi mitano, jumla ya mzigo wa mazoezi ikiwa sawa. Kundi moja lilifanya asilimia 80 ya mazoezi kwa wepesi na 12 kwa ukali wa katikati. La pili 67 kwa wepesi na 25 katikati. Kazi ya juu kabisa ililingana. Kwenye mbio ya nyika ya kilomita 10.4, kundi la kwanza lilipunguza muda kwa wastani wa sekunde 157, la pili kwa sekunde 121 hivi. Wakimbiaji 12 ni wachache, na sitaki kulibebesha jaribio hilo mzigo lisiouweza. Ila linaelekea upande ule ule ulioelekezwa na desturi za mabingwa, na hakuna aliyelazimishwa kufanya kazi kidogo: kazi ilipangwa upya tu.

Norway hiyo hiyo ndiyo iliyoipa laktati umaarufu wa sasa, na inafaa tuisome kwa usahihi maana wengi wanaisoma kinyume. Marius Bakken, aliyekimbia mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 6 mwaka 2004, alijipima damu maelfu ya mara akitafuta mwendo ambao angeweza kuufanya kwa wingi bila kuvunjika. Familia ya Ingebrigtsen imefuata njia ya aina hiyo, na Jakob akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 huko Tokyo na ya mita 5,000 huko Paris. Anayesikia kwamba wanafanya mazoezi ya kizingiti mara mbili kwa siku moja hudhani siri yao ni ukali. Tazama namba zao: laktati ya mazoezi hayo huwekwa kwa makusudi chini ya 4, mara nyingi ikizunguka 2 na 3. Ikipanda, mkimbiaji anaambiwa apunguze mwendo hata kama anajisikia vizuri. Kifaa kile kinatumika kama breki kwa mtu ambaye tayari ana nia kupita kiasi. Kumtia moyo mkimbiaji aongeze kasi hakuhitaji damu. Washindani wake wanatosha.

Pingamizi la kwanza linalotolewa huku kwetu ni la heshima, na linastahili jibu la heshima. Wazee wetu, watu husema, hawakupima kitu, na dunia iliwajua. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mlio wa bastola na kupita mita 800 chini ya dakika 1 na sekunde 53. Mzee John Stephen Akhwari aliingia uwanjani Mexico City mwaka 1968 akiwa na goti lililofungwa bandeji, wa mwisho kati ya waliomaliza maratoni, na ulimwengu haujamsahau. Kutokana na simulizi hizo tumejifunza kwamba mbio za Kitanzania ni kwenda kwa nguvu tangu mwanzo na kuvumilia maumivu hadi mwisho. Mimi naziheshimu simulizi hizo, lakini naona tumezitumia mahali pasipo pake. Zote mbili zinaeleza siku ya shindano. Ya Bayi ni dakika tatu na nusu ambazo kila aliyekuwa uwanjani damu yake ilijaa laktati, akiwemo John Walker aliyemaliza wa pili naye akiwa ndani ya rekodi ya zamani. Ya Akhwari ni ushujaa wa mtu aliyeumia njiani na kukataa kuiacha nchi yake isimalize. Hakuna hata moja inayotuambia jinsi ya kukimbia Jumanne asubuhi wiki kumi kabla ya mashindano. Mwalimu anayemdai mwanafunzi ushujaa wa Mexico kila Jumanne anatumia akiba ya siku ya shindano kabla haijafika.

Pingamizi hilo lina mkono wa pili, nao unanyoosha kidole Kenya: kule Iten na Kaptagat vijana wamekimbia na kushinda bila vifaa. Ni kweli, ila kutokuwa na kifaa si kutokuwa na mpaka. Bengt Saltin, mwanafiziolojia wa Skandinavia, alikwenda Iten na wenzake, na mwaka 1995 wakachapisha vipimo vya wakimbiaji wa Kenya wakilinganishwa na wa Skandinavia. Uwezo wa juu wa kutumia oksijeni haukutofautiana sana; kilichotofautiana ni kwamba Wakenya walitumia nguvu kidogo kwa mwendo ule ule, na laktati yao ilikuwa chini. Na yeyote aliyetazama kundi la wakimbiaji wa kule likiondoka alfajiri amewaona mabingwa wakianza kwa mwendo ambao mwanafunzi wetu angeuonea aibu. Mpaka upo, unalindwa na kundi, na wakubwa ndio wanaouweka. Pia tukumbuke kwamba kwa kila bingwa tunayemwona wapo wengi waliovunjika njiani ambao hakuna anayewahesabu. Kenya ina wakimbiaji wengi kiasi kwamba inaweza kuwapoteza hao na bado ikabaki na timu. Wilaya ya Bunda haiwezi. Kwa uaminifu niongeze kwamba Véronique Billat wa Ufaransa, katika uchunguzi wa mwaka 2003 kuhusu wakimbiaji wa Kenya, alikuta kundi lililofanya kazi nyingi ya kasi kubwa lina uwezo mkubwa zaidi wa oksijeni kuliko lile lililoegemea miendo ya chini yake. Mazoezi makali yana kazi yake, na hakuna anayejenga mkimbiaji wa mita 5,000 bila hayo. Ila ukali ule ulibebwa na miili yenye miaka mingi ya msingi, na kijana wa miaka kumi na sita hana miaka hiyo ya kukopa.

Wapo wanaokubali yote hayo kisha wakasema damu ya nini, mapigo ya moyo yanatosha, na kanuni inajulikana: 220 ukitoa umri. Hapa pana ukweli nusu. Mapigo ya moyo ni kipimo kizuri na cha bure. Weka kidole cha shahada na cha kati ubavuni mwa koo, hesabu mapigo kwa sekunde 15 mara tu unaposimama, zidisha kwa nne. Shida iko kwenye kanuni. Ilitokana na wastani wa watu wengi uliopigwa mstari mnamo 1971, na hata iliyosahihishwa mwaka 2001, yaani 208 ukitoa asilimia 70 ya umri, inamkosea mtu mmoja mmoja kwa mapigo kumi au zaidi kwenda juu au chini. Kwa kanuni ile ya 220, kijana wa miaka 17 anaambiwa kilele chake ni 203. Mwenzake wa dawati moja anaweza kuwa na 190, mwingine 213. Ukiwapa wote watatu mpaka mmoja wa siku nyepesi, mmoja atatembea na mwingine atashindana. Laktati nayo ina tofauti zake: wapo wanaomudu mwendo wa kizingiti wakiwa na 3 tu, wapo wa 6, kwa hiyo ile 4 ya Cologne si amri ya kila mtu. Ndiyo sababu vipimo hivi viwili vinahitajiana. Damu, ikipimwa mara chache, inaonyesha mipaka ya mtu huyu ni ipi. Moyo, ukihesabiwa kila siku, unamsaidia abaki ndani ya mipaka hiyo.

Moyo una faida nyingine ambayo kwa mkoa wa Mara ni kubwa kuliko mbio zenyewe. Unapiga kufuatana na kila kinachoupata mwili, hivyo unatangaza ugonjwa. Jua la saa tisa mchana katika nchi hii ya kandokando ya ziwa huongeza mapigo kumi au zaidi kwa mwendo ule ule wa alfajiri, kwa kuwa damu inagawanywa kwenda kwenye ngozi kupoza mwili na maji yanapotea kwa jasho. Mkimbiaji mwenye busara hupunguza mwendo ili moyo ubaki pale pale. Homa huongeza takribani mapigo kumi kwa kila nyuzi moja ya joto. Kijana anayehesabu mapigo yake kila asubuhi kitandani, akayazoea 52, kisha siku moja akakuta 64, ana sababu ya kutokukimbia na kwenda zahanati kupimwa malaria kabla hajatetemeka. Malaria ilimpata hata Bayi kabla ya Michezo ya Montreal ya 1976, ambayo Tanzania ilisusia. Msichana ambaye mapigo yake yanapanda wiki baada ya wiki kwa mwendo ule ule anaweza kuwa na upungufu wa damu, wala hastahili kuitwa mzembe. Kisha tukumbuke selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Kanda ya Ziwa ni kati ya maeneo ya nchi yenye wabebaji wengi wa kinasaba chake, na wengi wao hawajijui kwa sababu ni wazima. Uchunguzi wa askari wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 haukukuta vifo zaidi kwa wabebaji, lakini ulikuta hatari ya misuli kuharibika kwa kazi nzito imeongezeka kwa asilimia 54. Kumlazimisha mwanafunzi kukimbia hadi aanguke, juani, bila maji, huku hatujui ana nini mwilini, ni kucheza na maisha ya mtoto wa mtu.

Pingamizi la gharama silipuuzi. Kifaa cha laktati na vipande vyake ni fedha ambazo shule ya kata haina, na kila kipimo kinakula kipande kimoja na kisindano kimoja. Zaidi ya fedha kuna usalama: damu ya wanafunzi si jambo la kugusiwa uwanjani na kila mtu. Kisindano kimoja kwa mtu mmoja, glavu mpya, sanduku la kutupia vyenye ncha kali, mhudumu wa afya aliyesomea, na ridhaa ya mzazi, maana homa ya ini na Virusi vya Ukimwi havijali nia njema ya mwalimu. Kwa sababu hizo sipendekezi kila shule inunue kifaa. Napendekeza kifaa kimoja kwenye kambi ya timu ya mkoa, kitumiwe mara moja au mbili kwa mwaka kwa wale wachache wa mita 1,500 na 3,000, na jibu lake liandikwe katika daftari ambalo kijana anarudi nalo shuleni. Humo muwe na namba mbili za mapigo, ya siku nyepesi na ya kizingiti. Hilo linatosha kwa miezi, na mwalimu aliyebaki na saa ya kawaida ya mkononi ana kila anachohitaji.

Na pale ambapo hata kifaa kimoja hakipo, mchakamchaka upo. Carl Foster na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kule La Crosse wamelijaribu jambo hili kwa miaka mingi: wanampandisha mtu ukali wa kazi hatua kwa hatua, wanamsomesha maneno kwa sauti, wanamuuliza kama anaongea bila shida. Anapojibu ndiyo, yuko chini ya kizingiti cha kwanza. Anapoanza kusitasita, amekifikia. Anaposema hapana, amekivuka. Sababu ni ya kimwili: kazi ikipanda, mapafu yanalazimika kutoa hewa ya ukaa kwa kasi, na pumzi haipatikani tena ya kugawia sentensi. Sasa tazama mstari wa wanafunzi unaopanda kipande cha mwinuko kuelekea vilima vya Ikizu. Kwenye tambarare waitikiaji wanajibu kwa pamoja. Mwinuko unapoanza, wa kwanza kunyamaza ni wale wa mwisho mstarini, halafu wa katikati wanafupisha viitikio, halafu anabaki mwimbishaji na wachache. Kila mmoja amenyamaza pale alipovuka kizingiti chake. Mwalimu makini angeweza kuandika majina kwa mpangilio huo, na wiki sita baadaye akasikiliza tena kwenye mwinuko ule ule, kwa mwendo ule ule, ajue nani amepanda. Kipimo hiki hakitoi namba, na kwenye kizingiti cha pili hakifai sana. Hapo ndipo damu inapozidi. Ila kwa kazi iliyo kubwa kuliko zote, ile ya kuulinda wepesi wa siku nyepesi, wimbo unatosha.

Linabaki pingamizi la watu wanaoamini kwamba yote haya ni bure kwa sababu Mara si Iten: ziwa letu liko mita 1,134 tu juu ya bahari, na bila milima mirefu hakuna wakimbiaji. Historia ya mkoa wetu inawajibu. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, pembezoni mwa ziwa, alipata medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980 kwa dakika 13 na sekunde 21.6, nyuma kidogo ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Kabla na baada ya hapo, akiwa mwanafunzi El Paso, Texas, mji ulio karibu na kimo kile kile cha ziwa alikozaliwa, alishinda mita 10,000 za vyuo vya Marekani miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Baadaye akashinda maratoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988. Miaka yote hiyo ya ubora inadai mwili ambao haukuchakazwa mapema. Na anayeogopa kwamba wepesi utazaa uvivu amtazame Alphonce Simbu wa Singida, aliyeipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia katika maratoni ya Tokyo Septemba 2025. Alikuwa nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani hadi mita za mwisho kabisa. Wote wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ya mstari wa mwisho ikampa Simbu ushindi kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Kasi ya mwisho huwa nayo aliyeitunza.

Kwa hiyo ninawaomba walimu wa michezo wa Bunda, Butiama na Musoma wafanye mambo ambayo hayasubiri bajeti. Kila mkimbiaji awe na daftari la mapigo ya asubuhi. Mazoezi manne kati ya matano yawe ya mwendo ambao kundi linaweza kuimba, na atakayevuta mbele siku hiyo arudishwe nyuma hata kama ndiye bora. Zoezi la tano liwe gumu kweli, lenye saa na umbali uliopimwa, na lifanywe na mwili uliopumzika. Mzazi aelezwe kwa nini mtoto wake anarudi nyumbani bila kuwa hoi. Ofisi za michezo za wilaya na mkoa zitafute kifaa kimoja na mhudumu wa afya mmoja kwa kambi moja ya mwaka. Mara ilishatoa medali ya Olimpiki, na uwezo wa kutoa nyingine upo kwenye mistari ya asubuhi ya shule zetu. Kinachotudai sasa ni kuacha kuwachosha watoto hawa kabla hawajamaliza kidato cha nne.